Nyenzo za kipimo cha nano katika nishati na elektroniki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeandika ukurasa huu kwa sababu majibu yaleyale nimekuwa nikiyaandika upya kila wiki: kwa wanafunzi wanaotafuta msimamizi, kwa waandishi wa habari waliobakiwa na saa mbili kabla gazeti halijakwenda mitamboni, na kwa jamaa wanaotaka kujua lini simu itachajiwa mara moja kwa mwezi. Maswali nimeyaacha kama yanavyonifikia. Mengine yana jibu la mstari mmoja, na mengine yamekula nusu ya maisha yangu ya kazi.

Hasa unafanya kazi gani?

Natengeneza vitu vidogo sana, halafu napima vinavyoitikia umeme, joto na mwanga. Mtaalamu wa nyenzo anakaa kati ya mkemia na mhandisi. Mkemia anauliza kitu kimeundwa na nini, mhandisi anauliza kitafanya kazi gani, mimi nauliza kimepangwaje ndani. Grafiti ya kalamu ya risasi na almasi ni kaboni tupu, zote mbili. Moja inaacha alama kwenye karatasi, nyingine inakata kioo, na tofauti yote imo katika mpangilio wa atomu.

Maabara yetu inashughulika na elektrodi za betri (zile ncha mbili, chanya na hasi, zinazohifadhi chaji), matabaka membamba ya kunasa nuru ya jua, na nyenzo za kugeuza joto kuwa umeme. Elektroniki tumeiingia kwa mlango wa nyuma: mbinu zetu za kutandaza tabaka la nanomita chache ndizo hizohizo wanazotumia watu wa chipu, ila wao wana bajeti kubwa zaidi.

Nanomita ni ndogo kiasi gani?

Ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000 hivi, na mfano huo umechoka kwa kutumiwa. Mimi napenda kuhesabu atomu. Katika fuwele ya silikoni mpangilio wa atomu hujirudia kila baada ya nanomita 0.543. Kwa hiyo waya wa silikoni wenye upana wa nanomita 5 una marudio tisa tu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Unayamaliza kwa vidole vya mikono na kimoja kinabaki. Kitu kikifikia hapo, atomu moja kukosekana mahali pake si jambo la kupuuza tena.

Kwa desturi tunasema nano ni kuanzia nanomita 1 hadi 100. Maumbile hayautambui mpaka huo. Tuliuweka sisi ili tuelewane.

Kwa nini udogo ubadilishe tabia ya kitu? Dhahabu si dhahabu?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na majibu yake ni mawili tofauti ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni uso. Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6, kama stempu kubwa. Ukate uwe vimchemraba vya nanomita moja moja, bila kuongeza wala kupoteza hata punje, na jumla ya nyuso zake inakuwa mita za mraba 6,000, pungufu kidogo tu ya uwanja wa mpira wa miguu. Uzito haujabadilika. Kilichobadilika ni idadi ya atomu zinazokaa nje. Atomu iliyo ndani ya fuwele imeshikwa pande zote na jirani zake, wakati ile ya usoni ina mikono isiyoshikwa, kwa hiyo haitulii. Inaweza kunasa gesi inayopita, kuchochea mmenyuko, au kuondoka mahali pake kwa urahisi. Dhahabu ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064 za Selsiasi, lakini chembe zake za nanomita mbili tatu huyeyuka mamia ya nyuzi chini ya hapo. Kemia yake ni ileile. Sehemu kubwa ya atomu zake ndiyo iliyo usoni.

La pili ni kubanwa kwa elektroni. Elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi linahitaji nafasi. Ukilifungia kwenye chumba kidogo, nishati yake inapanda, kama uzi wa gitaa unavyotoa sauti ya juu ukiufupisha kwa kidole. Katika semikondakta, yaani vitu kama silikoni ambavyo umeme hupita ndani yake kwa masharti, kubanwa huku kunapanua pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iachwe huru kupitisha umeme, na pengo hilo ndilo linaloamua rangi ya mwanga utakaotoka.

Sababu hizi mbili hazitembei pamoja kila mara. Katika betri tunaishi na ya kwanza. Kwenye skrini za televisheni inatawala ya pili.

Nukta za kwanta ni nini hasa? Nimeziona zikitajwa kwenye televisheni.

Ni vifuwele vya semikondakta vyenye upana wa nanomita chache ambavyo rangi yake inategemea ukubwa wake. Kadimiamu selenidi ndiyo mfano wa kufundishia: chembe za nanomita 2 hivi zikimulikwa hutoa mwanga wa samawati, za nanomita 6 hivi hutoa mwekundu, na rangi nyingine za upinde wa mvua zimo katikati.

Nikipata mwanafunzi mpya anayesitasita namwonyesha hili kabla ya hotuba yoyote. Unakuwa na chupa ya kioo yenye shingo tatu, imejaa mafuta mazito yaliyoyeyushiwa kadimiamu, gesi ya agoni inapita juu yake, na kipimajoto kinakaribia nyuzi 300. Kimiminika ni angavu kama maji. Unachukua sindano yenye seleni, unasukuma yote kwa mkupuo mmoja bila kusita, na hapohapo chupa inageuka njano hafifu. Unachota tone kila baada ya sekunde kadhaa: njano, rangi ya chungwa, chungwa iliyokolea, nyekundu. Hujaongeza kitu kingine chochote. Unachokiona ni chembe zinavyonenepa. Ukipanga vile vichupa kwenye mstari na kuwasha taa ya urujuanimno, kila kimoja kinawaka rangi yake. Sijaona mwanafunzi aliyebaki na shaka baada ya hapo, ingawa nimeona wawili waliosukuma sindano kwa woga na kupata tope la hudhurungi, kwa sababu chembe zilizaliwa kwa nyakati tofauti.

Alexei Ekimov aliziona ndani ya vioo vya rangi, Louis Brus akaziona ndani ya vimiminika, wote mwanzoni mwa miaka ya 1980. Moungi Bawendi na wenzake walitoa njia ya sindano ya moto mwaka 1993, na watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2023.

Nanoteknolojia ni jambo jipya?

Kulielewa ndiko kupya. Kikombe cha Lycurgus, kazi ya Warumi ya karne ya 4 iliyohifadhiwa British Museum, huonekana kijani ukikitazama kwa mwanga wa nje, na chekundu ukiweka taa ndani yake, kwa sababu ya chembe za dhahabu na fedha zilizomo kwenye kioo.  Michael Faraday alichunguza vimiminika vyekundu vya dhahabu mwaka 1857 na kukisia kwamba chembe ni ndogo kuliko anavyoweza kuona. Richard Feynman alitoa hotuba yake maarufu kuhusu kupanga vitu atomu moja moja mwaka 1959, lakini kwa maoni yangu hotuba ile imepewa sifa kupita kiasi. Mlango ulifunguliwa na chombo: hadubini ya kuchanganua kwa ncha ya sindano, waliyoibuni Gerd Binnig na Heinrich Rohrer mjini Zurich mwaka 1981. Kuanzia hapo watu wakaacha kukisia wakaanza kutazama.

Mnawezaje kuona kitu kidogo kuliko wimbi la nuru?

Kwa macho na lenzi haiwezekani. Nuru tunayoiona ina urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700, kwa hiyo chembe ya nanomita 5 inapitwa bila kuguswa. Tunatumia elektroni badala ya nuru. Hadubini nzuri ya elektroni inaonyesha safu za atomu zilizojipanga kama mbegu kwenye gunzi la hindi.

Lakini hadubini ina hila yake. Inakuonyesha chembe mia mbili kati ya mabilioni, na mkono wa binadamu huwa unatafuta sehemu nzuri ya picha. Ndiyo maana siamini picha peke yake. Eksirei zinatupa wastani wa sampuli nzima: zikigonga fuwele hurudi kwa pembe maalumu, kila pembe ikionekana kama kilele kwenye mchoro; chembe zikiwa ndogo, vilele hivyo hunenepa, na kutokana na unene huo unakokotoa ukubwa. Kanuni hiyo ni ya Paul Scherrer, ya mwaka 1918, na tunaitumia kila siku.

Eksirei nazo zinadanganya. Nikiwa mwanafunzi nilipata kilele kipya karibu na digrii 38.5 kwenye sampuli ya titani oksidi. Kilikuwa chembamba, kirefu, kizuri mno. Nilikesha nikitafuta ni fuwele gani, na asubuhi nilimwamsha msimamizi wangu kwa simu. Akaniuliza swali moja: "Umeweka unga kiasi gani kwenye kishikizi?" Nilikuwa nimeweka kidogo. Kishikizi kilikuwa cha alumini, eksirei zilipenya unga wangu na kunisomea alumini. Mpaka leo kila mwanafunzi wangu huanza kwa kupima kishikizi kitupu.

Mnazitengenezaje?

Kuna njia ya kuchonga na njia ya kujenga. Kuchonga ni kuchukua kitu kikubwa ukakipunguza: kukisaga kwenye chungu chenye mipira migumu inayogongana, au kukikata kwa mwanga na asidi kama wanavyofanya watu wa chipu. Kujenga ni kuacha atomu zijipange kutoka kwenye gesi au kimiminika. Sisi tunajenga zaidi. Chombo tunachokitumia kuliko vyote ni kopo la chuma cha pua lenye kikombe cha tefloni ndani. Unatia maji na chumvi zako, unafunga kwa nguvu, unaliweka kwenye tanuri la nyuzi 180 usiku kucha, na asubuhi unafungua. Ni sufuria ya shinikizo, hakuna uchawi.

Kwenye matabaka membamba tunatumia njia ya tabaka la atomu kwa atomu, ambayo Tuomo Suntola aliianzisha nchini Finland mwaka 1974. Unaingiza gesi ya kwanza, inashika uso mzima kisha inakoma yenyewe kwa kuwa hakuna nafasi iliyobaki, unaisafisha, unaingiza ya pili. Kila mzunguko unaongeza takriban nanomita 0.1. Ukitaka nanomita 10, zungusha mara mia, nenda kanywe chai.

Zinasaidiaje betri?

Betri ya ioni za lithiamu ni safari ya kwenda na kurudi. Ukichaji, ioni (atomu zenye chaji) zinatoka kathodi, yaani elektrodi chanya, zinapita kwenye elektroliti, kimiminika kilicho katikati, na kujificha ndani ya anodi, elektrodi hasi, na elektroni zinazunguka nje kupitia waya. Ukitumia betri, vyote vinarudi. Kasi ya betri inategemea muda ambao ioni inatumia kupenya ndani ya chembe ya elektrodi, na muda huo unakua kwa mraba wa umbali. Ukipunguza upana wa chembe mara 100, kutoka maikromita 10 hadi nanomita 100, muda wa kupenya unapungua mara 10,000. Sijui mahali pengine katika uhandisi ambapo unalipwa vizuri hivyo.

Lithiamu chuma fosfeti ilinufaika na hesabu hiyo. Maabara ya John Goodenough iliitangaza mwaka 1997, lakini umeme hupita ndani yake kwa shida sana. Ilipofanywa chembe ndogo na kuvishwa tabaka jembamba la kaboni ikageuka kabisa. Leo imo kwenye magari ya umeme na kwenye betri za kuhifadhi umeme wa jua.

Upande wa anodi kisa ni kirefu zaidi. Grafiti, iliyochukua nafasi ya kaboni ya koki waliyotumia Sony walipoingiza betri hizi sokoni mwaka 1991, inahifadhi miliampia-saa (kipimo cha chaji) 372 kwa gramu, kwani atomu sita za kaboni hubeba ioni moja ya lithiamu. Silikoni hubeba takriban 3,600, karibu mara kumi. Basi kwa nini tusitumie silikoni tupu? Kwa sababu ikishiba inavimba: ujazo wake unaongezeka kwa karibu asilimia 300, halafu ukitumia betri inasinyaa. Chembe kubwa hupasuka kama udongo wa ziwa lililokauka, vipande vinapoteza mguso na umeme, na betri inakufa baada ya mizunguko michache.

Mwaka 2008 kikundi cha Yi Cui huko Stanford kilionyesha kwamba silikoni ikioteshwa kama nyasi za nanowaya juu ya chuma inavimba bila kuvunjika, maana kuna nafasi pembeni. Baadaye ikajulikana kwamba chembe zenye upana wa chini ya nanomita 150 hivi hazipasuki zinapovimba mara ya kwanza. Chembe ndogo haiwezi kukusanya mkazo wa kutosha kusukuma ufa.

Hapo wengi hufikiri kazi imekwisha, kumbe ndipo deni linapoanza. Uso uleule mpana uliotupa kasi unagusana na elektroliti kila mahali, na elektroliti haiipendi lithiamu. Inaoza kidogo na kutengeneza ngozi juu ya chembe. Ngozi ikikaa, ni nzuri, inalinda. Lakini chembe ikivimba ngozi inachanika, silikoni mpya inaonekana, ngozi mpya inaota, na kila ngozi inakula lithiamu ambayo haitarudi. Kwa miaka kadhaa sasa kazi yetu kubwa imekuwa kuivisha silikoni koti la kaboni lililo pana kuliko mwili, ili ivimbe ndani ya koti bila kulichana. Nusu ya koti zetu bado zinachanika.

Kila mwezi nasoma kuhusu betri ya ajabu. Mbona haifiki dukani?

Soma namba ambazo hazikuandikwa kwa herufi kubwa. Ya kwanza ni unene wa elektrodi. Ukipaka miligramu moja ya nyenzo kwenye sentimita moja ya mraba, karibu kila kitu kinafanya kazi vizuri. Betri halisi hupakwa mara nyingi zaidi ya hapo, la sivyo utakuwa umebeba karatasi za shaba na alumini, na nishati ni kidogo. Ya pili ni uzito uliohesabiwa: unga peke yake, au unga pamoja na gundi, elektroliti na ganda?

Ya tatu ndiyo inayoua wengi kimyakimya: sehemu ya chaji inayorudi kila mzunguko. Asilimia 99 inaonekana nzuri, sivyo? Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara mia. Unapata 0.37. Kwenye betri ambayo haina lithiamu ya akiba, baada ya mizunguko mia umebaki na chini ya asilimia 40. Hata asilimia 99.9 inakufikisha palepale baada ya mizunguko elfu. Nikipitia makala ya mtu, naanza na namba hiyo, na ikiwa mchoro wake umechorwa kwa mizani kubwa kiasi kwamba 98 na 100 hazitofautiani, najua kuna kitu hakitaki kuonekana. Nasema hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuchora mchoro wa namna hiyo.

Na umeme wa jua?

Gumzo la sasa ni perovskaiti, fuwele za kunasa nuru ya jua. Jina ni la madini yaliyopatikana milima ya Ural mwaka 1839, lakini tunachotumia ni ndugu zake wa kutengenezwa, wenye mpangilio uleule wa fuwele, wengi wakiwa na risasi na iodini ndani yao. Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walipata ufanisi wa asilimia 3.8 mwaka 2009. Leo seli ndogo za maabara zimevuka asilimia 26. Silikoni ilihitaji miongo mingi kupanda ngazi hiyo.

Uzuri wake ni kwamba tabaka la nanomita 500 hivi linatosha kunasa nuru, wakati silikoni huhitaji kipande kinene mara mamia. Unaweza pia kubadilisha pengo la nishati kwa kuondoa iodini na kutia bromini, na kwa hiyo kuiweka juu ya silikoni igawane nayo nuru: ya juu inachukua samawati na kijani, ya chini inachukua nyekundu. Seli ya tabaka moja ina dari ya asilimia 33 hivi, hesabu ya Shockley na Queisser ya mwaka 1961. Seli za pamoja tayari zimeivuka dari hiyo.

Ubaya ni unyevu, joto na muda. Paneli ya silikoni inadhaminiwa miaka 25. Perovskaiti inaanza kuharibika mipakani, pale fuwele inapokutana na fuwele nyingine au na tabaka la jirani. Tumerudi usoni tena. Kazi yetu hapo ni matabaka ya nanomita moja au mbili ya kuziba kasoro hizo. Risasi nayo lazima isitoke hata paneli ikivunjika, na sioni mantiki ya kulikwepa suala hilo.

Kweli joto linaweza kugeuzwa umeme bila mashine?

Kweli, na limejulikana tangu Thomas Seebeck mwaka 1821. Ukipasha ncha moja ya kitu kinachofaa na kuipoza nyingine, unapata volti. Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa 1977, vinaendeshwa hivyo: joto la plutoni, vipande vya silikoni na jerimani, hakuna kinachozunguka.

Ugumu ni kwamba unataka kitu kinachopitisha umeme kama chuma na kuzuia joto kama kioo, na vitu vingi vinavyopitisha kimoja hupitisha vyote. Mwaka 1993 Hicks na Mildred Dresselhaus walionyesha kwa hesabu kwamba muundo wa nano ungeweza kuvunja ndoa hiyo. Njia iliyozaa matunda zaidi ni ya punje ndogo. Joto husafiri ndani ya kitu kigumu kama mitetemo ya urefu mbalimbali, na mipaka mingi ya punje inaitawanya mitetemo hiyo huku elektroni zikipenya bila kusumbuliwa sana. Ufanisi bado ni asilimia chache. Anayekuambia nyenzo hizi zitachukua nafasi ya mitambo ya umeme anakuuzia kitu. Kwa kihisio kilichofungwa kwenye bomba la moto mahali ambapo hakuna mtu wa kubadilisha betri, hizo zinatosha.

Chipu ya "nanomita 3" ina kitu gani chenye nanomita 3?

Hakuna sehemu kuu yenye kipimo hicho. Ni jina la kizazi, kama mwaka wa toleo la gari. Zamani namba ilimaanisha urefu wa lango la transista (transista ni swichi ndogo ya umeme, na lango ndilo linaloiwasha na kuizima), halafu jina na kipimo vikaachana. Katika kizazi hicho umbali kutoka lango hadi lango ni karibu nanomita 48.

Hata hivyo maendeleo ni ya kweli. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Chipu za leo zina makumi ya mabilioni. Kila hatua ilimalizwa na mtu wa nyenzo. Kihami cha silikoni oksidi, tabaka la kuzuia umeme chini ya lango, kilipofika unene wa nanomita 1.2, atomu tano hivi, elektroni zilianza kupenya kama ukuta haupo. Mwaka 2007 Intel wakaweka oksidi ya hafni, ambayo inaweza kuwa nene zaidi na bado ikafanya kazi ileile. Urefu wa wimbi wa mwanga wa kuchorea chipu umeshuka hadi nanomita 13.5, na mwanga huo unapatikana kwa kupiga leza matone ya bati, 50,000 kwa sekunde. Mara ya kwanza niliposikia nilidhani ni utani.

Ugumu wa sasa, ambao hausemwi sana, ni waya. Ndani ya shaba elektroni husafiri wastani wa nanomita 39 kabla ya kugonga kitu. Waya ikiwa nyembamba kuliko hapo, elektroni inagonga kuta kila hatua na ukinzani unapanda. Transista inazidi kuwa bora huku barabara ya kuifikia ikizidi kuwa mbaya.

Grafini iliishia wapi?

Haikuishia. Grafini ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga Manchester mwaka 2004 kwa utepe wa gundi, wakapata Nobel mwaka 2010, na magazeti yakatangaza mwisho wa silikoni. Tatizo ni dogo na halina dawa rahisi: grafini haina pengo la nishati, kwa hiyo transista yake haizimiki. Kama kiungo cha kuongeza upitishaji kwenye elektrodi na rangi za kupaka inafanya kazi vizuri, bila makelele.

Na hidrojeni?

Seli za hidrojeni, zinazogeuza hidrojeni kuwa umeme, zinahitaji platini ya kuchochea mmenyuko, na platini inayofanya kazi ni ya usoni tu. Ndiyo maana hutawanywa kama chembe za nanomita 2 hadi 5 juu ya kaboni. Kwa muda chembe hizo huungana na kunenepa, na uso unapotea. Hilo wanalifanyia kazi wenzetu wa chumba cha jirani, nami nisiwasemee.

Ni salama?

Inategemea kitu, umbo lake na mahali kilipo. Chembe zilizofungwa ndani ya betri au kioo hazikufikii. Unga mkavu unaopeperuka ni jambo jingine, kwa sababu chembe za ukubwa huo hufika kwenye vifuko vya mapafu. Nanotyubu (mirija midogo sana) za kaboni ndefu na ngumu zinatia wasiwasi wa namna ya asbestosi. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aina moja, MWCNT-7, katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kadimiamu ni sumu iwe nano au isiwe, na ndiyo maana skrini nyingi zimehamia indiamu fosfidi. Unga laini wa metali nao unaweza kushika moto wenyewe ukikutana na hewa.

Kwetu unga wote hufunguliwa ndani ya kisanduku cha glavu au chini ya kivuta hewa chenye chujio. Barakoa ya kitambaa haihesabiki. Mwanafunzi anayepuliza unga ulioganda kwenye spatula kwa mdomo anakwenda nyumbani siku hiyo.

Nataka kujiunga. Nisome nini?

Fizikia ya vitu vigumu, kemia, na takwimu. Takwimu ndiyo wanayoikwepa na ndiyo wanayoihitaji mwezi wa pili. Programu ya kompyuta ya kuchakata data ijue moja vizuri. Zaidi ya hapo naangalia jambo moja kwenye barua ya maombi: kama mtu anaweza kueleza jaribio lililoshindikana bila kujitetea.

Naweza kukutumia sampuli uipime?

Mara nyingi ndiyo, hasa eksirei na eneo la uso, kama foleni si ndefu. Tunahitaji miligramu 200 hivi za unga mkavu. Andika unataka kujua nini, kwa kuwa "pimeni kila kitu" inasukumwa mwisho wa foleni. Na tafadhali andika kwenye chupa kilichomo. Mwaka jana tulipokea kifurushi kimeandikwa "unga mweusi". Karibu kila kitu kilichomo kwenye kabati letu ni unga mweusi.